Swali Lililofukuliwa Chini ya Mpapai

Hebu niambieni kabla sijaanza: swali ni mali ya nani? Ni la aliyeliuliza, la aliyekataa lizikwe, au la aliyeunguza nyayo kulitafutia jibu? Msijibu haraka. Wapo waliosoma kuliko ninyi na mimi, wakajibu haraka, na mtaona walipotufikisha.

Haya. Hapo zamani, na msinikunjie uso, zamani yenyewe ni mwaka juzi tu. Ila nchi hii ukiahidiwa kitu Januari, ikifika Desemba ahadi imeshakuwa somo la Historia. Palikuwa na darasa. Darasa la Nne, Shule ya Msingi Ilungwi, nyanda za kati, kule ambako upepo una chumvi na bahari iko mbali. Watoto thelathini na wanane, madawati kumi na moja, mwalimu mmoja. Jina lake Winifrida.

Mwalimu Winifrida alikuwa na kopo. Kopo la maziwa ya unga, tupu, limetobolewa kifunikoni kama kibubu. Siku ya kwanza ya mwaka akaliweka mezani akasema:

"Mwaka huu tutatembea. Tutaona vitu. Lakini hatoki mtu getini bila swali. Swali moja, karatasi moja, ndani ya kopo. Hiyo ndiyo nauli."

"Mwalimu, na likishajibiwa?"

"Likishajibiwa tunalizika pale chini ya mche wa mpapai. Liwe mbolea. Lisilojibiwa linabaki koponi, linatungoja."

Wenye bajeti wanaita field trip. Hawa waliita kwenda kuuliza.

Januari wakapanda maharage kwenye makopo dirishani, wakauliza, wakajibiwa, wakazika. Februari wakapima mvua kwa chupa iliyokatwa shingo, wakauliza, wakajibiwa, wakazika. Mpapai ukaanza kutanua majani, na watoto wakaamini, kabisa kabisa, kwamba unakua kwa sababu unakula maswali.

Machi wakaenda ziwani.

Ni ziwa la magadi, kilomita sita kwa miguu. Walifika jua likiwa bado changa. Ziwa halikuonekana maji. Lilionekana kama wingu lililochoka likaamua kulala chini, wingu la waridi, na lile wingu likapumua. Heroe! Maelfu, miguu kama vijiti vya mtama, shingo zikiinama na kuinuka pamoja kana kwamba kuna mtu mahali fulani anawapigia ngoma ambayo sisi hatuisikii. Watoto thelathini na wanane wakanyamaza. Mnajua ni kazi gani kunyamazisha Darasa la Nne? Ndege walifanya bure, bila fimbo.

Ndipo wingu likanyanyuka. Likageuka mara moja juu ya vichwa vyao, likawatia kivuli cha waridi, wakawa wote wana rangi moja, mwenye viatu na asiye na viatu. Halafu likaenda. Ziwa likabaki jeupe.

Msichana mmoja, Yunisi, mdogo wa umbo, asiyependa kusemeshwa, alikuwa ameshatumbukiza karatasi asubuhi. Akaomba arudishiwe. Akafuta, akaandika upya kwa penseli fupi kama jino:

*Wanapoondoka wanakwenda wapi?*

Kesho yake swali likasomwa mbele ya shule nzima. Mwalimu Mkuu akajibu hapo hapo, mikono mfukoni:

"Ulaya. Wanakwenda Ulaya. Next."

Limejibiwa. Wakalizika chini ya mpapai. Yunisi mwenyewe ndiye aliyetupia udongo, na alipomaliza alibaki amechutama kidogo, kama mtu aliyesahau kitu shimoni.

Mei wakaenda kwenye mashine ya kukamua alizeti. Wakaona mbegu zikiingia nyeusi, mafuta yakitoka rangi ya dhahabu, madumu yamepangwa foleni. Yakumbukeni madumu hayo. Wakauliza, wakajibiwa, wakazika. Lakini siku hiyo, wenzake wakizika, msichana wa pili, Hadia, alikuwa anafukua.

Hadia alikuwa na mdomo. Mkasi mtupu. Alikuwa na kijiko cha uji, na akachimba mpaka akaifikia ile karatasi ya Machi, imeloa, imetafunwa pembeni na mchwa.

"Hadia! Unafanya nini?"

"Nafukua, Mwalimu. Hili halijafa. Limezikwa hai."

"Lilijibiwa."

"Lilijibiwa na nani? Mwalimu Mkuu alisema 'Ulaya' kwa sauti ile ile anayosemea 'kesho uji upo.' Mwalimu, uji upo?"

Darasa likacheka. Mwalimu Winifrida akajiziba mdomo kwa daftari, lakini sheria ni sheria, na wote walikuwa wameipigia kura Januari kwa kunyoosha mikono: anayefukua swali anakosa safari inayofuata. Na safari iliyofuata ilikuwa ya stesheni. Treni! Julai wenzake walikwenda kuona treni, wakapanda behewa lililosimama, wakaketi vitini wakifumba macho na kujisafirisha kila mtu kwao. Hadia alibaki shuleni akifagia uwanja. Inasemekana alisikia honi kutoka mbali, akasimama, akaegemea fagio mpaka sauti ikaisha. Hakulia. Alisema tu, "Sawa. Lakini liko koponi."

Kweli lilikuwa koponi.

Septemba wakarudi ziwani kupima maji yamerudi nyuma hatua ngapi. Hapo anaingia wa tatu, Msengi, mvulana mrefu aliyerudia darasa. Alikuwa akihesabu hatua ufukweni akamwona heroe mmoja peke yake, mbali kwenye matope, anapiga bawa moja. Mguu umenaswa kwenye uzi wa kiroba, vile viroba vya wachota magadi. Msengi akavua ndala, maana zingenata, akaingia.

Matope ya magadi ni moto usiotoa moshi. Kila hatua yanauma. Mama mmoja mchota magadi akampigia kelele:

"We mtoto! Toka humo, utachubuka! Au kama umeshafika, basi mkamate shingo umlete. Kitoweo hicho, mwanangu."

"Hapana, mama. Huyu ana swali letu."

"Ana nini?"

"Ana pete!"

Mguuni mwa ndege palikuwa na pete, na kwenye pete namba, na chini ya namba anwani, herufi ndogo kama chawa. Msengi hakuwa na karatasi. Akatoa peni mfukoni akaandika mkononi, kuanzia kiganja mpaka kiwiko, huku ndege akimdonoa sikio. Akaandika yote. Akakata uzi kwa meno. Akamwachia. Heroe akakimbia juu ya maji hatua saba, nane, kisha maji nayo yakamwachia. Watoto waliokuwa ufukweni wanasema aliacha mstari wa waridi hewani. Mimi sikuwepo, lakini wote thelathini na wanane wanasema hivyo, na ushahidi wa watu thelathini na wanane ni mzito kuliko ripoti ya kamati.

Msengi alirudi amebebwa mgongoni. Nyayo zilikuwa nyekundu, ngozi imetoka kama ya nyanya iliyomwagiwa maji ya moto. Wiki mbili hakukanyaga chini. Mkono wenye namba hakuuosha mpaka Mwalimu Winifrida alipokwenda nyumbani kwao kunakili.

Oktoba wakaandika barua kwa anwani ile, darasa zima, kila mtoto sentensi moja. Novemba majibu yakaja, kutoka kwa watafiti wa ndege. Mwalimu akasoma polepole:

"Ndege wenu alivishwa pete akiwa kifaranga, miaka tisa iliyopita, Ziwa Natroni, kaskazini. Huko ndiko heroe wa ukanda huu karibu wote wanakozaliwa, kwenye viota vya matope katikati ya maji. Kutoka kwenu hakwenda Ulaya. Alikwenda nyumbani, na akarudi, na ataendelea hivyo. Tunawakaribisha, darasa lote, mje mwone."

Nyumbani. Basi tu, wanakwenda nyumbani! Watoto wakageuza nyuso kuelekea dirishani. Mvua za kwanza zilikuwa zinanyemelea, na siku ile kila wingu lilikuwa na miguu. Yule mama mchota magadi, nasikia, alipoambiwa jibu alitua kiroba chake akasema, "Kumbe nilitaka kula mgeni."

Karatasi ya Yunisi ikatolewa koponi ili izikwe mara ya pili, kihalali. Mwalimu Winifrida akasema, "Bado. Tutaizika tukirudi kutoka Natroni."

Sasa. Ofisi ikasikia. Ofisi huwa haisikii choo kimejaa, lakini ikisikia mwaliko ina masikio ya sungura. Ikasema usafiri ni juu yake. Ikasema asiwe na wasiwasi mtu. Na wiki ya mwisho kabla ya kufunga shule, gari likaja. Moja. Jeupe, lina viti saba, vioo vyeusi.

Bwana Afisa akashuka, tai shingoni, faili kwapani.

"Shikamoo, baba," wakaamkia watoto wote, na vifurushi vyao vya viazi mikononi, maana walikuwa wameambiwa darasa lote.

"Marahaba, marahaba. Well done, very good. Madam, nani anakwenda?"

"Darasa, Bwana Afisa. Barua inasema darasa."

"Only one seat is approved. Moja. Chagua aliyestahili, fasta, tuna ratiba."

Moja! Najua wimbo huo. Nafasi moja, maombi elfu nne, ambatanisha vyeti. Nilidhani wanatuimbia sisi wakubwa tu. Kumbe wanaanzia Darasa la Nne, wanafundisha mapema.

Darasa likatazamana. Kisha, bila kuambiwa, wakarudi nyuma hatua, wakabaki watatu mbele. Kopo likawekwa chini katikati yao.

Yunisi, ambaye hapendi kusemeshwa, akasema: "Bila mimi hakuna swali. Wote waliona ndege, wote walishangaa, lakini mimi peke yangu niliuliza. Tangu Machi nikilala nawaona wanaondoka. Kila nikilala wanaondoka. Nataka mara moja tu niwaone wanafika."

Hadia akasema: "Bila mimi swali ni mbolea. Yunisi, dada yangu, wewe ulilizika kwa mikono yako. Ukaamini. Mimi sikuamini, na nimelilipia kwa treni. Sijawahi kuona treni. Msinikoseshe na hiki, jamani, nitakuwa mtu wa kubaki na fagio mpaka lini?"

Msengi akasema: "Bila mimi swali lingeoza koponi. Kuuliza hakuunguzi. Kufukua hakuunguzi." Akanyanyua unyayo, bado una baka la waridi. "Mimi nilikwenda hadi lilipo jibu, nikalisoma, nikaliachia. Na ningeweza kulila."

"Ungejuaje cha kusoma kama sikuuliza?" Yunisi.

"Ungeingia matopeni kutafuta nini kama sikufukua?" Hadia.

"Na ninyi mngekuwa mnabishania nini sasa hivi kama nisingeingia?" Msengi.

Mwalimu Winifrida aliwatazama mmoja mmoja. Kila alipotaka kunyoosha kidole, kidole kilikataa. Alimtazama wa kwanza, akakumbuka Machi. Alimtazama wa pili, akakumbuka ile sheria, na nani aliyewafundisha kuitii. Alimtazama wa tatu, akashindwa kutazama miguu.

Dereva akapiga honi. Mlio mrefu. Hadia akashtuka akageuka, kama anatafuta treni.

"Madam, nachelewa," akasema Bwana Afisa. "Kama hujui kuchagua, nitachagua mimi. Yule msafi msafi pale."

"Ngoja," akasema Mwalimu Winifrida. "Bwana Afisa, gari lina viti saba."

"Vimepangwa. Seating plan ipo."

Mwalimu akasogea, akaweka viganja kwenye kioo cheusi, akachungulia. Watoto nao wakachungulia. Kiti cha kwanza, dereva. Cha pili, cha Bwana Afisa. Cha tatu, afisa itifaki, amelala. Cha nne, mpiga picha wa ofisi. Cha tano, kitupu. Cha sita na cha saba, wamefungwa mikanda vizuri, wametulia, hawana swali lolote: madumu ya mafuta ya alizeti, matatu kila kiti, zawadi ya kuwapelekea wakubwa kaskazini.

Hadithi yangu inasimama hapo, gari linanguruma, kopo liko chini, na watoto wanangoja. Sasa jibuni ninyi mnaopenda kusema mtoto wa maskini anasaidiwa na bidii yake. Aliyeuliza, aliyefukua, aliyeunguzwa: je, nani alistahili kile kiti?

Nanyi wenye gari, msijifanye mnasikiliza majibu. Mlango uko wazi. Shusheni madumu.