Kongoni Aliyewafukuza Vijidudu wa Tumboni

Nina ngano mdomoni. Niiteme au niimeze?

Iteme.

Nikiitema chungu, mtaiokota?

Tutaiokota.

Basi sogeeni, maana ya leo haina asali.

Hapo kale, kale sana, wanyama walipokuwa bado wanasemezana, palikuwa na kongoni jike, jina lake Siwatu. Aliishi mbugani, na alikuwa na mimba yake ya kwanza.

Tumboni mwa Siwatu waliishi Vijidudu. Walikuwa wadogo kupindukia, hata elfu yao wasingejaza tundu la sindano. Lakini walikuwa wengi kuliko majani ya mbuga ile.

Hawakuwa wageni. Walimwingia bibi wa bibi yake zamani, pamoja na umande wa nyasi. Siku za mwanzo ilikuwa vita. Vijidudu wakiuma, tumbo likiwaunguza. Vijidudu wakali waliwaua wenyeji wao, wakafa nao. Kongoni wenye matumbo makali wakakosa wa kuwasaidia, wakafa njaa. Wakabaki wapole wa pande zote mbili. Wakazaa, watoto wao wakazaa, wakazoeana. Tumbo likajifunza kuwapa joto. Vijidudu wakajifunza kuvunja nyasi ngumu ambazo kongoni peke yake haziwezi, wakazigeuza mafuta na maziwa. Mwishowe hapakuwa na aliyeweza kuishi bila mwenzake.

Na kila kongoni akizaa, humlamba mtoto mdomoni, akamwachia Vijidudu wa ukoo.

Mwaka ule mvua ilikataa. Nyasi zikakauka, Siwatu akakonda. Alikuwa akitafuna mchana kutwa huku akimfikiria mtoto aliye tumboni, na moyo wake haukutulia.

Tumbusi akamwona. Akashuka, akakunja mbawa zake, akamsalimia kwa adabu.

"Mwanangu Siwatu, mbona umebaki mifupa?"

"Nyasi hamna, mzee wangu."

"Nyasi zipo. Tangu asubuhi nakuona unakula. Ila unachokimeza, nani anakuwa wa kwanza kukila?"

"Vijidudu," akasema. "Lakini hata mama yangu aliishi nao."

"Na mama yako yuko wapi?"

Mama yake alikuwa amekufa kiangazi kilichopita.

Tumbusi akamwonyesha kichaka cha shubiri. "Kula hiyo siku tatu, mara moja kila siku. Utabaki wewe na mwanao tu."

Siku ya kwanza Siwatu akala shubiri. Uchungu ukashuka tumboni kama moto. Mkubwa wa Vijidudu, Mzee Chembe, akaimba kutoka ndani:

"Bibi yetu, ee bibi yetu,
kutafuna kwako, kuvunja kwetu,
joto lako ni nyumba yetu,
ukitumwaga, utakula nini?"

Siwatu akasikia, akaendelea kutafuna. Vijidudu wenye ngozi laini wakafa, na hao ndio waliokuwa mafundi wa nyasi. Tumbo likawa kimya. Siwatu akajiona mwepesi, akafurahi.

Siku ya pili aliamka na njaa kali. Akamwambia Tumbusi, "Mzee wangu, njaa imezidi."

"Wachache waliobaki wanakula kwa hasira," Tumbusi akasema. "Usiishie njiani."

Siwatu akala shubiri tena. Mzee Chembe akaimba tena, sauti yake imefifia:

"Bibi yetu, ee bibi yetu,
kutafuna kwako, kuvunja kwetu,
joto lako ni nyumba yetu,
ukitumwaga, utakula nini?"

Kisha akasema, "Bibi, acha leo. Tuliobaki tutazaana, tutaijaza nyumba."

Siwatu akasita. Akamfikiria mama yake. Akameza.

Siku ya tatu Mzee Chembe hakuimba. Alisema tu, "Bibi, sisi tunakwisha. Lakini nyumba yako haitabaki tupu. Watabaki wale ambao shubiri haiwawezi. Hao hawakutaka kujifunza kazi yetu, nasi tulikuwa tukiwazuia kwa wingi wetu. Sasa hakuna wa kuwazuia."

Siwatu akameza mara ya tatu. Mzee Chembe akafa.

Kesho yake mvua ikanyesha.

Ikanyesha siku saba. Mbuga ikawa kijani, nyasi zikafika magotini. Siwatu akala, akala, akala. Tumbo likajaa, likavimba, likauma. Nyasi zilioza ndani bila kuvunjwa. Wale wakaidi waliobaki wakazaana haraka, watoto wao wakawa wakaidi kuliko wazazi, wakaanza kuitafuna nyumba yenyewe. Alijaribu tena shubiri, haikuwafanya kitu. Wenzake wakanenepa. Yeye akawa anakufa njaa huku mdomo umejaa majani.

Katika hali hiyo akazaa.

Mtoto alikuwa jike, miguu mirefu, anatetemeka. Akainua mdomo wake kutaka kulambwa. Siwatu akainamisha kichwa, ulimi ukatoka, kisha akaurudisha. Akimlamba, atampa wakaidi. Asipomlamba, mtoto hatakuwa na Vijidudu hata mmoja, na nyasi zitamshinda. Mtoto akalia. Siwatu akageuza uso.

Akajikokota hadi kwa dada yake wa tumbo moja, Mwanamvua. Mwezi uliopita simba alikuwa amemla mtoto wa Mwanamvua, na bado alikuwa na maziwa.

"Dada, nilambie huyu."

"Wewe huna ulimi?"

"Ninao. Ndio ninaouogopa."

Akamweleza yote. Mwanamvua akasema, "Nikimlamba, ndugu yangu, atashika harufu yangu. Atanifuata mimi. Wewe hatakujua."

"Najua."

"Na hutamkaribia, usije ukampumulia."

"Sitamkaribia. Mlambe."

Mwanamvua akamlamba mtoto mdomoni, mara moja, mara mbili, mara tatu. Mtoto akanyonya. Akasimama sawasawa, akamfuata Mwanamvua kundini. Hakugeuka nyuma. Siwatu alibaki amesimama pale, maziwa yake machache yakimdondoka kwenye majani.

Mwezi ulipokwisha, mtoto alikuwa anakula nyasi na kurukaruka. Siwatu alimtazama kwa mbali hadi miguu ilipokataa kumbeba. Akalala chini.

Tumbusi akashuka, akakunja mbawa zake.

"Ulijua?" Siwatu akamwuliza.

"Nilijua, mwanangu. Hata mimi nina vijidudu wangu tumboni. Bila wao mizoga ingeniua siku moja tu. Wazee wangu walizoeana nao tangu zamani." Akasogea karibu zaidi. "Sijawahi kuwapa shubiri hata siku moja."

Akangoja kidogo. Hakungoja sana.

Nyinyi mliokaa hapa, shikeni hili. Waliokaa pamoja wakazoeana vizazi na vizazi si wawili tena. Ukimwua mwenzako unajichimbia kaburi. Na kabla hujamfukuza wa nyumbani mwako kwa neno la mpita njia, tazama kwanza mpita njia huyo anakula nini.

Ngano nimeitua. Aliyeiona chungu, aimeze hivyo hivyo.