Shakwe Aliyeupa Upepo Mgongo

Zama hizo mji wa Shanjara ulitawaliwa na Sultani Mudhafari bin Nuumani, na sultani huyo akashikwa na maradhi mazito, na waganga wakasema dawa yake ni yai la shakwe wa kisiwa cha jini Zarkumu, kilicho mbali kusini, pasipokaa mtu. Akatumwa Haidari, kijana mfua fedha, pamoja na mabaharia. Na mabaharia wakarudi na yai, lakini Haidari hawakurudi naye, kwani jini alimkamata, akamgeuza shakwe, akamchanganya na maelfu ya shakwe wake.

Ramla binti Shekue, mchumba wake, akalia hata machozi yakamkauka, kisha akawaomba mabaharia wale wampeleke kisiwani.

Jini akamtokea ufukweni, akamwambia, "Bibi, mimi si dhalimu. Nionyeshe mchumba wako, nitakurejeshea. Ukikosea, nawe utaota mbawa, wala hamtajuana milele."

"Nipe muhula niwatazame," akasema Ramla.

"Tazama utakavyo."

Ramla akakaa miambani, akawatazama tangu alfajiri hata magharibi, na miezi ikaandama na kufa, akajua wanavyopiga mbizi na wanavyolisha makinda; na kila alipoita "Haidari," hakugeuka hata mmoja. Akaanza kuisahau sura yake, na hilo likamuuma kuliko njaa.

Hata siku moja kusi, upepo utokao kusini, ikavuma kwa nguvu, na shakwe wote wakatua wakiuelekea upepo, kama ilivyo ada ya ndege, manyoya yasifumuke. Mmoja tu aliupa mgongo. Upepo ukamfumua, ukamwangusha, naye akasimama tena vilevile, macho kaskazini, iliko Shanjara.

Ramla akanyoosha kidole. "Ni yule."

"Ana alama gani?"

"Hana alama. Anatazama kwetu."

Jini akapuliza, na Haidari akasimama pale, ndevu zimeganda chumvi.

Walipokuwa safarini akamwambia, "Ramla, nilikuwa nimekusahau. Hata jina langu sikulijua. Nilijua tu upande ule nina kitu changu."

Ramla akamshika mkono, asimwachie hata bandarini.

Sultani, aliyekwisha kupona, akawaoza kwa shangwe, akawapa jumba la ghorofa na shamba la minazi, wakaishi kwa neema. Basi nanyi mkimwona mtu amekaa akitazama upande mmoja kutwa, msiseme amepumbaa. Muulizeni kwao ni wapi.