Njia ya Kukatisha Bustani ya Mkola

Uzio hung'oka ardhini, hubaki miguuni. Mmeisikia asubuhi hii kwa Bi Kalunde alipokuwa akimkemea mumewe, mkacheka, kisha mkauliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Zamani Bustani ya Mkola, hii iliyo katikati ya mji, ilizungushiwa waya wa miiba. Lango lilikuwa moja tu, upande wa nyumba za wakubwa. Watu wa mtaa wa Mabatini walikuwa nyuma ya bustani, na hospitali ilikuwa ng'ambo yake ya pili. Kwenda kutibiwa walifuata barabara ya mawe iliyoizunguka bustani yote, malori yakiwatimulia vumbi. Mtoto aliyethubutu kupenya waya alirudi nyumbani na alama za fimbo ya mlinzi.

Aliyelivalia njuga jambo hili ni Bi Nyamizi, mjane aliyeuza karanga. Alisimama kwenye mkutano wa mtaa, akasimama tena na tena, mpaka ikawa mwenyekiti akimwona ananyoosha mkono anashika kichwa.

"Hospitali tunaiona kwa macho," alisema, "lakini kuifikia ni safari!"

Mwishowe wakuu wa mji wakakubali. Waya ukakunjwa, nguzo zikang'olewa, njia pana zikachongwa kati ya miti na kumwagwa changarawe, hata mkokoteni upite. Vigelegele vikapigwa. Nyamizi alicheza mpaka kanga ikamdondoka. Watu wakaingia, wakatazama, wakasifu, kisha kila mmoja akarudi kwenye shughuli zake.

Masika yalipoingia, Kabula, mke wa Maganga mwana wa Nyamizi, akashikwa na uchungu asubuhi. Bajaji hazikupatikana kwa sababu ya matope. Wakamlaza kwenye mkokoteni juu ya godoro, Maganga akasukuma, Nyamizi akamshika mkono mkwewe, majirani wakafuata. Wakashika barabara ya mawe. Gurudumu likazama matopeni kati ya mawe, wakalinyanyua, likazama tena. Kabla hawajaimaliza ile barabara, mtoto akazaliwa palepale mkokotenini, wanawake wakiwa wamemzungushia mzazi kanga. Mtoto alilia. Mama yake alinyamaza, damu ikimtoka, midomo ikipauka.

Hospitalini walimpokea mbio. Wakasubiri kwenye benchi hata muuguzi akatoka.

"Damu imesimama, tumshukuru Mungu. Lakini mmechelewa mno. Mmetoka wapi?"

"Mabatini," Maganga akajibu.

"Mabatini hapo? Mmepita wapi?"

"Barabara ya mawe."

Muuguzi akamtazama kama mtu ambaye hakusikia vizuri. "Kwa nini hamkukatisha bustanini?"

Maganga akamgeukia mama yake. Nyamizi akawageukia majirani, majirani wakainamia miguu yao yenye matope.

"Si kuna waya..." mmoja akaanza.

"Mama," Maganga akasema polepole, "waya si wewe uliyetaka ung'olewe?"

"Ni mimi."

"Sasa ilikuwaje?"

"Sijui, mwanangu. Wallahi sijui."

Jambo hilo likamkaa Nyamizi kichwani. Hakuna aliyewakataza kupita. Kusema alisahau, angewezaje kusahau kitu alichokipigania mpaka sauti ikamkauka?

Siku moja akaenda bustanini peke yake. Mahali uzio ulipokuwa hapakuwa hata na shimo la nguzo, nyasi zilikwisha kuota. Hata hivyo miguu yake ilisimama, na moyo ukamdunda kama wa mwizi. Mlinzi kijana akatokea. Kabla hajamwamkia, Nyamizi alikwisha kuanza kujitetea.

"Napita tu, baba. Sichukui kuni."

Kijana akashangaa. "Shikamoo, mama. Kwani nani kakuuliza? Pita, njia ni yenu."

Akapita huku akigeuka nyuma. Akatokea hospitali hata jasho halijamtoka. Akakaa chini akalia, asijue kama ni furaha au ni aibu.

Tangu hapo akawa anawapitia wanawake wa mtaa asubuhi wakatishe bustanini pamoja. Wengine walikuja. Wengine walisema kesho, wakaonekana barabara ya mawe.

Kabula alipopata nguvu, walitoka kumpeleka mtoto kliniki. Nyamizi alimbeba mjukuu, akimwimbia. Walipofika njia panda akakunja kushoto, akaendelea na wimbo wake.

"Mama," Kabula akamwita kwa nyuma, "unakwenda wapi?"

Nyamizi akasimama. Akaitazama barabara ya mawe mbele yake, kisha miguu yake. Kabula alidhani atacheka, lakini hakucheka. Alirudi, akamkabidhi mtoto wake, akasema:

"Basi ndiyo hivyo, mwanangu. Uzio hung'oka ardhini, hubaki miguuni."

Akamshika mkwewe mkono, wakaingia bustanini.