Maboga ya Mzee Ndovu na Tabibu Sungura

Mwaka ule hata vyura walisahau nyimbo zao. Mvua ilikataa misimu miwili, mto ukabaki mchanga mtupu, na wanyama wakaanza kutazamana kwa macho yasiyo mazuri. Mahali pamoja tu palibaki kijani: bustani ya mzee Ndovu, chini ya jabali lililokuwa likidondosha maji tone kwa tone.

Ndovu alikuwa ameongoza kundi miaka arobaini. Siku aliyong'atuka, vijana walimpa hotuba ndefu za shukrani, kisha hawakumuuliza neno tena. Kwa kuwa hakuwa na wa kumwamuru, akapanda maboga. Alianza kwa kujipumbaza tu, lakini haikupita miezi mingi yakawa ndiyo maisha yake. Kila asubuhi aliyapima kwa mkonga, moja moja, na lililonenepa alilipongeza. Hakula hata moja.

"Yakomae," alisema. "Mvua ikinyesha, kila nyumba itapata mbegu."

Mambo mengine ya uzeeni hayakumfurahisha. Magoti yalilia kila alipoinuka. Nzi walimtembelea zaidi kuliko wanawe. Jina la mtu lilimtoka katikati ya mazungumzo, likarudi kesho yake anapotafuna majani. Lakini kero iliyozidi zote ilikuwa jirani yake, Bi Kanga, aliyepiga kelele toka jua linapochomoza. Mwewe akipita, kelele. Jani likianguka, kelele. Pasipotokea kitu, alishangaa kwa kelele mbona hapatokei kitu.

"Bi Kanga, huwezi kunyamaza hata kidogo?"

"Nikinyamaza, Bwana Ndovu, utajuaje kama tuko salama?"

"Nitajua kwa sababu nitakuwa nimelala!"

Sungura, aliyekuwa akipita na tumbo tupu, aliyasikia hayo. Kesho yake akabisha hodi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Kama umekuja kuomba boga, shika njia."

"Boga? Tumbo langu halipatani na boga kabisa. Nimekuja kwa sababu magoti yako nimeyasikia toka kule mlimani. Mimi siku hizi ni tabibu."

Mwaka mzima hakuna aliyemwuliza Ndovu habari za magoti yake. Akayaeleza yote manne, kuanzia la mbele kulia, na Sungura akatikisa kichwa kwa huruma mpaka shingo ikamuuma.

"Dawa ipo," alisema Sungura. "Kila adhuhuri ujilaze, nikupake tope magotini, na usiinuke mpaka likauke. Masikioni nitakuziba kwa sufi, maana makelele huingia sikioni, yakashuka, yakaganda kwenye viungo. Siku saba tu, babu."

"Nilijua!" akasema Ndovu. "Nilijua ni yule Kanga."

Sungura akaenda moja kwa moja kwa Fisi, maana maboga yalihitaji mgongo wenye nguvu.

"Wewe ubebe, mimi nilinde. Tutagawana pangoni, nusu kwa nusu. Ila usionje hata moja kule bustanini."

"Ndugu yangu, kwani mimi mlafi?" aliuliza Fisi, na mate yakafika chini kabla ya swali kwisha.

Siku ya kwanza yalitoweka maboga mawili. Bi Kanga alipiga kelele hadi sauti ikakwaruza, na mgonjwa akalala palepale, masikio yamejaa sufi. Asubuhi Ndovu aliyahesabu, akapata kumi na sita.

"Yalikuwa kumi na nane," alisema.

"Jana uliniambia kumi na sita, babu," Sungura akamjibu kwa upole. "Ni umri tu. Usijali."

Ndovu, ambaye wiki ile alikuwa amesahau jina la mjomba wake, akakubali. Bi Kanga alipokuja kumwambia, "Jamani, unaibiwa!" alimjibu, "Tabibu wangu alishaniambia utaona wivu."

Siku ya nne usingizi ulimpiga chenga. Kimya kilikuwa kingi mno. Miaka kumi alikuwa akilala huku akimlaani Bi Kanga, na sasa hakuwa na wa kumlaani. Akavuta sufi ya sikio moja, kidogo tu, asikie kelele, akasirike, apate kulala.

"Wezi! Fisi yumo kwenye boga kubwa! Sungura yupo langoni!"

Ndovu akainuka. Tope likapasuka, magoti yakalia yote manne kwa pamoja.

Fisi alikuwa ameshindwa kungoja pango. Alitoboa boga kubwa kuliko yote, akaingiza kichwa chote. Aliposikia ardhi ikitikisika akavuta, kichwa kikagoma kutoka. Akakimbia hivyo hivyo, kipofu, boga kichwani, akamparamia Sungura langoni na kumlalia.

"Sili!" sauti ilitoka ndani ya boga. "Ninalikagua tu!"

Boga lilipasuka kwenye jabali, Fisi akatokomea na uvimbe wa paji la uso. Sungura alibaki amekamatwa kwa mkonga wa Ndovu.

"Nipige, babu. Nimekosa."

"Kukupiga magoti hayaniruhusu," alisema Ndovu. "Utarudisha yaliyo pangoni, na utamwagilia bustani mpaka mvua inyeshe. Wakati ukimwagilia, nitakusimulia habari za kila boga tangu lilipokuwa mbegu."

Sungura alicheka moyoni kwa wepesi wa hukumu ile. Siku ya tatu alikuwa analia.

"Babu, nakuomba, nipige tu!"

"Tulia. La pili bado sijalimaliza."

Mvua ilichelewa miezi miwili. Bi Kanga alikaa juu ya ua wa bustani kutwa nzima, na kila Ndovu aliposahau kisa, alimkumbusha kwa sauti kubwa, naye Ndovu akaanza upya.

Ndiyo maana wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.