Kwa Nini Mgeni wa Ikombo Hulishwa Kabla ya Kuulizwa

Zamani hizo, ulimi ulipokuwa ukitangulia mbele ya chungu, mgeni aliyepanda hadi Ikombo hakupewa hata funda la maji kabla hajatoa habari. Nyinyi mnaofika leo mkakuta bakuli la makande limeshapakuliwa, mnadhani watu wa mlima huu walizaliwa wakarimu. Hawakuzaliwa hivyo. Walifundishwa, na aliyewafundisha alilipia somo hilo kwa mtoto wake.

Ikombo ni kijiji cha juu kabisa, njia inaishia hapo. Habari zilipanda kwa miguu ya watu, na wenyeji walizitamani kuliko nyama. Basi wakajiwekea utaratibu wao. Mgeni aliketishwa kwenye kigoda, akaulizwa ya mvua, ya mazao, ya wazee na ya mifugo, ndipo afikie lile lililomleta. Zito lilisemwa mwisho. Kulirukia mapema kulikuwa utovu wa adabu, na kula kabla ya kulisema kulikuwa ulafi.

Aliyeushika utaratibu huo kuliko wote alikuwa Nakundwa, mkunga. Mikono yake ilijua kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya tumboni, na makande yake yalisifiwa hadi ng'ambo ya bonde. Alikuwa na binti mmoja tu, Naetwe, aliyeolewa huko huko ng'ambo, Mvureni. Mwaka ule Naetwe alikuwa na mimba yake ya kwanza, na walikuwa wamekubaliana kwamba uchungu ukianza, mama ataitwa.

Alasiri moja ya masika akatokea Kajiru, mdogo wa mumewe Naetwe, ameloa chapachapa. Kwao moto wa kupikia haukuwa umewashwa tangu juzi yake, naye alikuwa amepanda mlima mzima mbio na tumbo tupu. Nakundwa alimwona tangu alipotokeza kwenye migomba, na moyo ukampasuka, maana uso wa kijana yule ulibeba jambo. Chungu kilikuwa kinatokota nyuma yake. Akamsogezea kigoda.

“Karibu, baba. Mvua huko inasemaje?”

“Inanyesha, mama.”

“Na maharage?”

“Mengine yameoza. Mama, mimi nimetumwa...”

“Pole pole, mwanangu, tutafika. Wazee hawajambo? Na mbuzi wa baba yako?”

Wengine husema ilikuwa desturi tu. Mimi nasema ilikuwa hofu. Mama akiiona habari mbaya inaingia uani kwake, ataishikilia hapo hapo uani kwa lolote atakalolipata, na Nakundwa alichokipata ni mbuzi. Aliuliza ya mbuzi ili asifike kwenye ya mtoto. Kajiru akafungua kinywa kujibu, akateleza kutoka kwenye kigoda, akazimia.

Walimkanda miguu, wakamfunika, wakamwita jina lake. Meno yalikuwa yamekazana na mwili una homa. Bila neno lake, Nakundwa hakujua anaitwa kwa lipi, na hofu ile ile ikamweka hapo usiku kucha. Kulipokucha ndipo alipomeza uji, na uji ulipomfika tumboni akasema, “Mama, Naetwe anakuita. Mtoto amekaa vibaya.”

Nakundwa hakuaga mtu. Aliteremka bonde akianguka na kuinuka, akapanda upande wa pili, na jua lilipokuwa utosini akafika Mvureni. Alikuta wanaume wamesimama karibu na migomba, majembe mikononi. Mama mkwe wa Naetwe alikuwa ameketi chini, kichwa wazi.

“Ametutoka alfajiri, dada, yeye na mtoto wake tumboni,” alisema. “Usiku kucha aliuliza kama umekwisha kufika.”

Nakundwa hakulia. Aliitazama mikono yake, ile iliyojua kugeuza watoto, akaona haina kazi tena. Majuto ni mjukuu, husemwa, lakini yeye mjukuu hakumpata. Alibaki na majuto yenyewe, nayo hayakumwacha hadi alipozikwa.

Matanga yalipoisha alirudi Ikombo, akabandika chungu. Mgeni wa kwanza kufika alikuwa mchuuzi wa chumvi kutoka tambarare. Watu wakamzunguka kama ilivyokuwa kawaida yao, na mzee mmoja akamwambia, “Haya, tupe za huko.” Nakundwa akainua upawa.

“Mwacheni ale,” alisema. “Akipata nguvu aseme lililomleta, hilo kwanza. Ya mbuzi mtamuuliza kesho.”

Mchuuzi alikula, na kijiji kizima kikakaa kimya kikimngoja.

Na tangu siku hiyo, chungu cha makande hakikauki katika nyumba za Ikombo, na mgeni haulizwi neno mpaka amekula. Akishanawa mkono, husema lililo zito kabla ya jingine lolote. Wageni hulipenda sana jambo hili. Hula, husifu maharage, hudhani mama wa nyumba anatazama moto kwa sababu ya haya.

Si haya. Huyo ana mtoto mahali fulani ng'ambo, na desturi imemfunga mdomo. Anasikiliza mnavyotafuna, wala hajui kama anamlisha mjumbe wa harusi au wa msiba. Kwa hiyo mkifika Ikombo mkapewa bakuli, kuleni upesi.