Uso wa Anselm Usizimike

Nisikilizeni mpaka mwisho, maana mwisho wenyewe sinao. Huenda mnao ninyi.

Mjini Mbinga walikuwapo watu watatu, na kila mmoja alikuwa na chake. Veridiana alikuwa na jicho. Ungekaa kimya mbele yake, naye angejua kama una njaa, una uchungu au unataka tu kuachwa. Gaspar alikuwa na subira. Akishika fundo haliachii mpaka lifunguke, watu wacheke wasicheke. Eusebia alikuwa na kifua. Siri ikiingia kwake imezikwa.

Aliyewaunganisha hakuwapo. Huyo ni Anselm Haule, mpiga picha: kaka yake Veridiana, rafiki wa Gaspar na mwenzake kazini, mchumba wa Eusebia. Alikuwa na chumba chake cha picha kando ya soko. Siku moja alifunga mlango, akaenda kutafuta maisha kwenye machimbo ya ng'ambo ya mpaka. Mwanzo alipiga simu kila Jumapili. Halafu mara mojamoja. Halafu simu yake ikawa haipatikani, mwaka ukapita, na mwingine ukafuata.

Aliiacha kompyuta yake ya mezani. Ukiiwasha, kabla hujaingia popote, unakutana na ukurasa unaodai neno la siri. Kwenye ukurasa huo aliweka picha yake, anacheka, na chini yake maneno ya kuwatuliza wateja waliokuta kiti kitupu: "Nimetoka kidogo. Narudi sasa hivi."

Mama yake, Mama Kandida, aliihamishia mashine ile chumbani kwake. Kila alasiri, akishaanua kahawa, aliiwasha, akavuta kigoda, akamtazama mwanawe. Baada ya dakika chache skrini ilizimika yenyewe. Alitikisa kipanya, uso ukarudi. "Nawe usinikimbie," aliuambia.

Kisha kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia ukafa, miguu ikakataa, ulimi ukafungwa. Akawa mtu wa kitandani.

Veridiana alifunga kazi yake ya ushonaji Songea, akarudi kumuuguza. Alimkuta mama hali chakula, na kila mara analia. Ndugu walisema ni maumivu, wakaongeza dawa. Veridiana alikaa pembeni ya kitanda akamwangalia mama, akaangalia anakotazama mama, kwenye ile kompyuta waliyoiwasha ndugu kwa mazoea tu, siku nzima. Jioni aliwaambia, "Mama haumwi. Uso wa Anselm ukizimika, ndipo analia."

Alitikisa kipanya. Mama akafungua kinywa, akapokea uji.

Tangu hapo ikawa kijiko, kipanya, kijiko, kipanya. Lakini mwenye kuuguza huchota maji, hufua, hupika. Kila aliporudi chumbani alikuta skrini nyeusi na mama amelala chali, machozi yamemwingia masikioni.

Akamwita Gaspar. "Hii mashine haiwezi kuambiwa isizime?"

"Inaweza, dada. Ila lazima kwanza tuingie ndani, na neno la siri la Anselm silijui."

"Nani analijua?"

Gaspar aliinamisha kichwa. "Kama yupo, ni Eusebia."

Wakaenda kwa Eusebia. Aliwasikiliza mpaka mwisho. "Siku anaondoka aliniambia neno hilo," alisema. "Akasema, 'Nimekuachia wewe peke yako. Siku mwingine akilijua, nitajua umechoka kuningoja.'"

"Wifi, mama hali chakula," Veridiana alisema.

Eusebia alijitanda khanga, akafuatana nao. Alisimama mlangoni, akamtazama mama aliyekuwa akiikazia macho skrini iliyozimika. Akasogea mpaka kitandani, akamshika mkono.

"Ni Skolastika," alisema. "Tulikubaliana mtoto wetu wa kwanza tumwite hivyo."

Gaspar aliandika lile jina, mashine ikafunguka.

Ndani waliikuta picha ileile, wakaifungua ikajaa skrini yote. Mama alifumba macho, akasukuma hewa kwa mkono wa kushoto. Siyo hiyo. Alimtaka yule mwenye maneno chini yake, yule anayerudi sasa hivi.

Basi Gaspar aliingia kwenye mipangilio, akaamuru skrini isizime kamwe, akarudisha ukurasa wa kuingilia. Wakakaa kungoja. Baada ya dakika zilezile, giza.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Ulikuwa msimu wa harusi, na wapiga picha walikuwa wakitafutwa kila kona. Gaspar aliwakatalia wateja wote. Alikuwa akibadili jambo moja, anaizima mashine, anaiwasha, anakunja mikono, anangoja. Giza. Anaanza upya. Alipanda gari mpaka Songea kuuliza mafundi, wakamwambia anunue skrini nyingine. Majirani wakampa jina: Mngoja Giza. Hakukasirika. Mwishowe alielewa kwamba ukurasa ule wa mlangoni ni kama mtu mwingine ndani ya mashine: una mipangilio yake wenyewe, na amri ya mwenye nyumba hauisikii. Akauandikia wenyewe amri. Mahali pa muda wa kuzimika akaweka sifuri, maana kwa mashine ile sifuri ni kamwe.

Akaizima, akaiwasha. Wote watatu wakakaa kando ya kitanda. Uji ukapoa. Jua lilihama kutoka dirishani likafika ukutani, na Anselm bado anacheka. Veridiana aligeuka ukutani, akalia kwa sauti. Mama alikuwa akimtazama mwanawe, uso wake mkavu.

Mama Kandida aliishi masika yote. Alikula. Ulimi ukalegea kidogo, hata alipokuja kaka yake, Mjomba Tarsisi, akaweza kumpa maneno machache. Kisha asubuhi moja akaondoka, macho yake kwenye skrini.

Matanga yalipoanuliwa, Mjomba aliwaita watatu wale. Kiganjani alishika ufunguo wa chumba cha picha.

"Dada yangu aliniambia hivi: 'Chumba cha Anselm apewe yule aliyeniondolea giza. Akae humo, amngoje mwanangu.' Nikamuuliza, 'Watatu?' Akasema, 'Mmoja. Mlango hufunguliwa na mmoja.'"

Veridiana alitangulia. "Mjomba, kama nisingeona, hawa wawili wangefanya nini? Ndugu wangeendelea kuleta dawa. Na mimi kazi niliyoifunga Songea haipo tena."

"Uliona, dada," Gaspar alisema. "Lakini kuona hakukuwasha kitu. Siku ngapi nimekaa mbele ya giza lile?" Akawageukia wenzake. "Na mimi ninamngoja. Mnadhani rafiki hangoji?"

Eusebia ndiye aliyesema mwisho, kwa upole. "Bila neno langu msingepita. Ninyi mlitoa kazi zenu. Mimi nilitoa kitu pekee alichoniachia. Akirudi leo akanikuta kwa wazazi wangu, na posa ya mtu mwingine imeshafika pale, nitamweleza nini? Nipeni mahali pa kumngojea."

Mjomba aliutazama ufunguo. Akawatazama wao: dada, rafiki, mchumba, wote macho mekundu kwa ajili ya mtu mmoja. Akakunja kiganja.

"Niachieni mpaka Jumapili," alisema.

Jumapili hiyo ni kesho kutwa, na Mjomba amenijia mimi kuniuliza. Nimegeuza huku na huku, kila upande una haki yake. Sasa swali naligeuzia kwenu, wakubwa kwa wadogo: ufunguo ule, ungekuwa kiganjani mwako, ungemkabidhi nani?