Paa na Mtaa wa Majani Marefu

Nije, nisije?

— Njoo.

Nije na kicheko?

— Njoo nacho.

Leo sina. Nije hivyo hivyo?

— Njoo hivyo hivyo.

Haya, sogeeni. Na wewe unayetafuna mahindi hapo nyuma, tafuna polepole, maana hadithi hii ina mtoto ndani yake, na mtoto huyo anaimba kwa sauti ndogo.

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na mji wao mkubwa, wenye mitaa mingi hata aliyezaliwa humo alipotea. Mbali na mji huo aliishi Paa na mwanawe mmoja tu, Sikudhani. Siku moja Sikudhani alichomwa na mwiba mguuni. Mguu ukavimba, ukawa mzito, ukaanza kunuka. Waganga wa porini wakashindwa. Wakamwambia Paa, "Nenda mjini kwa Korongo. Ule mdomo wake mrefu utaufikia mwiba."

Paa akamchukua mwanawe, wakaenda, wakaenda, wakaenda. Walipofika, kwa Korongo kulikuwa na wagonjwa wengi, wakaambiwa warudi kesho asubuhi. Basi Paa akaanza kutafuta mtaa wa kufikia.

Mtaa wa kwanza ulikuwa wa Kanga, wale ndege wenye madoa. Hata hajamaliza kupiga hodi, wamekwisha kumzunguka. "Karibu, dada. Unatoka wapi? Mtoto ana nini? Baba yake yuko wapi? Mtakaa mpaka lini?" Paa akaona haya. Akasema moyoni, "Hawa ni wambeya. Nikilala hapa, kesho mji mzima utakuwa na habari zangu." Akaaga, akaenda zake.

Mtaa wa pili ulikuwa wa Nguchiro. Ardhi ilikuwa tupu, imekanyagwa na miguu inayotoka mlango huu kwenda mlango ule. Paa hajakaa sawasawa, watoto wa nguchiro wameingia bila hodi na kumlalia Sikudhani mapajani. Mama yao akaingia nyuma yao. "Shoga, naona una chungu kizuri. Niazime nichemshie kunde, nitakirudisha na kunde zake ndani." Paa akatoa chungu shingo upande. Nguchiro alipotoka tu, Paa akamwinua mwanawe, wakaondoka, chungu wakakiacha. "Hapa hakuna mlango," akasema. "Hapa kila mtu anaingia kwa kila mtu."

Mtaa wa tatu ulikuwa kimya. Majani mabichi yameota toka mlango hadi mlango, marefu, hayana hata alama ya unyayo. Nanyi mnamjua Paa na majani mabichi. Mate yakamjaa mdomoni.

Mtaa huo ulikuwa wa Kobe, Kakakuona na Nungunungu. Paa akapiga hodi kwa Kobe. Kobe akatoa kichwa nusu. "Nyumba ile haina mtu. Ingieni mkae." Hakuuliza jina, hakuuliza mguu una nini.

"Mzee wangu, nimependa kwenu," Paa akasema. "Hapa hakuna anayemuuliza mtu."

"Ndivyo tulivyo," akasema Kobe, akarudisha kichwa ndani.

Paa hakujiuliza kwa nini majani yale hayana njia. Wewe ungejiuliza? Usinijibu upesi.

Asubuhi Sikudhani akasema, "Mama, majani yanatembea."

"Ni upepo, mwanangu."

"Mama, upepo hakuna."

"Lala, mwanangu. Naenda kwa mganga kushika zamu yetu, narudi sasa hivi nikubebe. Ukiona jambo, waite majirani." Paa akaondoka.

Majani yakatembea, yakasogea mlangoni. Mtoto hakuweza kusimama. Akaimba, nanyi mwimbieni:

Jirani yangu, njoo,
majani yanatembea,
mama hajarudi.

Kobe akasikia, akaingiza kichwa. Mtoto akaimba tena. Kakakuona akasikia, akajikunja. Mtoto akaimba mara ya tatu, sauti imekauka. Nungunungu akasikia, akasimamisha miiba yake, akakaa nyuma ya mlango.

Wote watatu walijua kwamba Chatu anakaa kwenye majani yale. Walimjua miaka mingi. Kobe ana gamba lake, Kakakuona ana magamba yake, Nungunungu ana miiba yake. Chatu hakuwasumbua, nao hawakumsumbua, na hakuna aliyewahi kufyeka.

Kule kwa mganga, Korongo alikuwa anatwanga dawa. "Mmefikia wapi?" akauliza.

"Mtaa wa majani marefu, bwana mganga. Pametulia."

"Mtoto umemwachia nani?"

"Pametulia sana, hakuna hata kelele."

Korongo akaacha kutwanga. "Nimekuuliza, mtoto umemwachia nani?"

Paa akafungua mdomo, akakosa jina la kutaja. Akakimbia.

Alikuta kitanda kitupu. Nje majani yalikuwa yamelala chini kuanzia mlangoni hadi kwenye shimo la Chatu. Hiyo ndiyo njia pekee iliyokuwapo mtaa ule.

Akapiga hodi kwa Kobe. "Mlisikia?"

"Tulisikia."

"Mbona hamkutoka?"

Kobe akatoa kichwa nusu. "Mama, ulipofika ulisema umetupenda kwa sababu hatuulizi."

Mimi ninayesimulia sina la kumjibu Kobe, na simpendi.

Paa akatoka akitangatanga. Akakutana na Mama Nguchiro, chungu mkononi, kunde ndani yake. "Shoga, nimekutafuta tangu jana. Mtoto yuko wapi?"

Paa akaketi chini, akasema yote. Nguchiro wakatoka milango yote, wakubwa kwa wadogo, wakaingia kwenye majani yale. Kanga wakapiga kelele hata mji mzima ukaja. Chatu akatolewa shimoni, akauawa.

Naona macho yenu. Mnangoja niseme mtoto alitolewa tumboni akiwa hai, akacheka. Hakutoka hai. Ningeweza kudanganya, lakini nimeshawaambia leo sina kicheko.

Wakamzika mtaani kwa Nguchiro, pale ardhi ilipokanyagwa. Kanga wakaja matangani, wakamzunguka Paa kama siku ile. "Alipenda kula nini? Alikuwa anaimbaje? Alianza lini kutembea?" Paa akawajibu. Akajibu kila swali, hakuruka hata moja.

Basi nyie mnaosafiri, sikieni. Ukifika mji wa watu, usichague mtaa kwa uzuri wake wala kwa kimya chake. Tazama kama kuna njia iliyokanyagwa kati ya mlango na mlango. Fikia pale wanapokuuliza mtoto ana nini, hata wakikuchosha.

Hadithi nimeileta kwa miguu yangu, naiacha hapa mlangoni. Anayetoka aibebe, na akipita kwa jirani apige hodi.

— Tumeibeba.